Wiki tisa za Bwana Wakefield

Katikati ya mwaka 1946 wanaume watatu walitumwa kutoka London kuja kukusanya data Afrika Mashariki. Wao waliiita misheni, lakini kazi yenyewe ni ileile ambayo leo wanafunzi wa uzamili hapa Dodoma wanafundishwa kwenye warsha za siku tatu: nenda uwandani, pima, uliza, hesabu, rudi uandike ripoti. Kiongozi wao alikuwa John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Mwingine, David Martin, alikuwa meneja wa mashamba wa United Africa Company, na wa tatu, John Rosa, alikuwa mtu wa fedha kutoka Wizara ya Makoloni. Walipewa wiki tisa, na sehemu kubwa ya safari yao waliifanya kwa ndege.

Wakarudi na ripoti nzuri sana. Zifyekwe ekari milioni 3.2, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 80 kati ya hayo yawe Tanganyika. Zao ni karanga, kwa sababu Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Eneo la kuanzia: Kongwa.

Hadithi hii sote tulipewa shuleni kwa mistari miwili mitatu: Waingereza walileta matrekta, mradi ukafa, andika kwenye daftari. Mimi nataka tuisome kama habari ya utafiti, kwa sababu Dodoma imekuwa mji wa utafiti bila kelele nyingi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kipo hapa tangu miaka ya 1980. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake makuu hapa. Wiki haipiti bila kuona bango la mafunzo ya kukusanya na kuchakata data, na kwenye bango hilo neno linaloonekana kwa herufi kubwa kuliko yote ni jina la programu ya kompyuta. Washiriki wanajifunza kubonyeza, wastani unatokea, jedwali linatokea, cheti kinatolewa. Sisemi ni vibaya. Programu zinarahisisha kazi, na asiyezijua leo hapati kazi. Ila Wakefield naye alikuwa hodari wa hesabu. Hesabu zake zilijumlika vizuri kabisa.

Tuanze na mvua. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Ukiweka namba hiyo mezani London, karanga zinaonekana zinawezekana. Lakini wastani huo haumwambii mtu kwamba mwaka mmoja mvua haifiki 400 na mwingine inavuka 800, wala kwamba inaweza kunyesha wiki mbili mfululizo halafu ikakata mwezi mzima, mmea ukiwa kwenye maua. Mgogo anayepanda uwele na mtama anaijua tabia hiyo, ndiyo maana anapanda uwele na mtama. Kwa lugha ya warsha, yeye haangalii wastani, anaangalia mtawanyiko.

Kisha udongo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi, na mvua zikiisha hukauka na kuwa kama saruji. Karanga huzaa chini ya ardhi. Ukitaka kuvuna lazima uing'oe. Sasa ung'oe nini kwenye saruji? Juu ya hapo kulikuwa na mchanga mkali ndani ya udongo uleule, uliokuwa ukila majembe ya matrekta.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: data ilikuwepo. Kongwa wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mpwapwa, na Mpwapwa palikuwa na kituo cha utafiti wa mifugo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905. Katika miaka ya 1930 mtafiti wa hapo, R. R. Staples, alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko, kimoja kitupu, kingine kimelimwa, kingine kina nyasi, kingine kichaka, akawa anapima maji na udongo unaotiririka kila mvua inyeshapo. Alifanya hivyo msimu baada ya msimu. Ni kati ya majaribio ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Kwenye ardhi tupu karibu nusu ya mvua ilikimbia juu ya ardhi bila kuzama. Kwenye iliyolimwa ilikimbia karibu robo. Kwenye nyasi haikufika asilimia 2, na kwenye kichaka haikufika hata asilimia 1. Yaani karibu miaka kumi kabla ya matrekta kufika, kituo cha serikali hiyohiyo ya kikoloni kilishaandika kinachotokea ukifyeka kichaka cha nyanda hizi na kuiacha ardhi uchi. Na mpango wa karanga ulikuwa nini? Kufyeka kichaka, ekari maelfu kwa maelfu, kwa mashine.

Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Hadi mwisho wa 1947 zilizofyekwa hazikufika 10,000. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautangaza mradi umekufa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Mbegu zilizoingia ziliwazidi hata magunia yaliyotoka.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1961, alifika mtafiti wa namna nyingine. Peter Rigby, mwanaanthropolojia, alikaa Ugogo hadi 1963, akajifunza Kigogo, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo. Simtaji ili nimtukuze mzungu mwema dhidi ya mzungu mbaya. Kabla yake alikuwepo Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Dodoma tunayemkumbuka zaidi kwa ngonjera, ambaye mwaka 1954 alichapisha historia, mila na desturi za Wagogo kwa Kiswahili. Nashangaa kitabu hicho hakimo kwenye orodha ya kila warsha ya utafiti mjini hapa. Namtaja Rigby kwa sababu ya ng'ombe.

Chukua dodoso lolote la utafiti wa vijijini. Lina swali: "Kaya yako ina ng'ombe wangapi?" Swali rahisi, jibu ni namba, namba inaingia kwenye kompyuta. Lakini Ugogoni mtu hugawa mifugo yake kwa ndugu na marafiki waichunge, sehemu kwa sababu ya undugu wenyewe, sehemu kwa sababu ukame au ugonjwa ukipiga kijiji kimoja usimalize mali yote. Kwa hiyo ng'ombe walioko zizini kwa mzee si wote wake, na walio wake si wote wako zizini. Akikujibu "kumi na wawili", amejibu swali lipi? La wanaolala hapa, au la alionao?

Hata neno "kaya" lina kazi. Kwenye sensa kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kwa Kigogo, kaya ni boma zima, ambamo kila mke anaweza kuwa na nyumba yake na ghala lake. Neno moja, vipimo viwili. Mdadisi kijana anauliza akimaanisha la kwanza, bibi anajibu akimaanisha la pili, na wote wawili wanaagana wakiwa na furaha.

Halafu kuna hofu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Wajerumani na kisha la Waingereza yalichukua Ugogo ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua zikakata. Ikaja njaa iliyoitwa Mtunya. Wanahistoria wanataja vifo kama 30,000 katika nchi ya watu wanaokadiriwa 150,000. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyefanya kazi hapa miaka ya 1980 na baadaye kukitafsiri kitabu cha Mnyampala kwa Kiingereza, alikuta bado inasimuliwa. Mtu ambaye babu yake alihesabiwa ng'ombe siku moja na kunyang'anywa siku ya pili, utamlaumu akipunguza namba?

Na bado njaa hizo zenyewe ni kumbukumbu ya takwimu. Wagogo waliipa kila njaa kubwa jina lake, na kwa majina hayo watu walijua nani kazaliwa lini. Waandaaji wa sensa zetu wanalijua hilo: makarani hupewa kalenda ya matukio ya eneo, ili bibi asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aulizwe kama alizaliwa kabla au baada ya tukio fulani. Sensa ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi kwa mara ya kwanza, ikaukuta mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625, kutoka 2,083,588 mwaka 2012. Ndani ya namba hizo wamo watu ambao umri wao ulipatikana kwa njia hiyo ya kale.

Kwa mwandishi wa habari kuna jambo la ziada. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kutoa taarifa ya kubatilisha au kupotosha takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa. Kipindi kile kifupi nilikuwa nikijiuliza ripoti ya Wakefield ingepingwaje. Ilikuwa rasmi, ilikuwa na mhuri, ilikuwa na majedwali.

Ningependa warsha moja tu ifanyike Kongwa badala ya ukumbi wa hoteli. Siku ya kwanza washiriki wapewe ripoti ya 1946 na vipimo vya Staples, waambiwe watafute kasoro kabla ya kufungua kompyuta. Siku ya pili wakae na wafugaji wajaribu kuhesabu ng'ombe wa mzee mmoja hadi wakubaliane naye. Siku ya tatu ndiyo waje kwenye programu. Pa kutembelea hapakosekani: baada ya karanga sehemu ya ardhi ile iligeuzwa ranchi ya taifa, na ukipita barabarani leo utawaona ng'ombe.