Kisu cha mfukoni: jina la mnyama wa Congo, chuma cha Solingen

LUBONDJA, FIZI – Familia inapokimbia usiku, vitu vinavyobebwa ni vichache: sufuria, blanketi, karatasi za watoto, na kisu. Bila kisu mihogo haimenywi, sombe haikatwi, na kamba ya kufungia shitingi haipati urefu wake. Wengi wanapenda kisu cha kukunja, kile ambacho makali yake yanalala ndani ya mpini, kwa sababu hakitoboi mfuko wala hakimkati mtoto aliyebebwa mgongoni. Shida ni kwamba sokoni visu hivyo vinafanana. Kimoja kinadumu miaka, kingine kinalegea kabla ya mwezi kuisha. Historia yake inasaidia kuvitofautisha.

Kabla ya bidhaa za Ulaya kufika, watu wa nchi za maziwa makuu walikuwa na chuma chao wenyewe. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, chuma kiliyeyushwa tangu karibu miaka 2000 iliyopita. Ufipa, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika, wafua chuma walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko mtu. Kisu cha wakati huo kilikuwa cha mpini uliosimama, kikivaliwa katika ala. Mhunzi alijulikana kijijini. Kisu kikivunjika, mwenye nacho alijua mlango wa kubisha.

Kisu cha kukunja kilikuja na biashara ya kikoloni. Mwaka 1901 wataalamu wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza okapi, mnyama wa msitu wa Ituri ambaye watu wa msitu huo walimjua tangu zamani. Mwaka uliofuata, 1902, huko Ujerumani kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja chenye jina hilo, Okapi, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani barani Afrika. Kilitoka Solingen, mji unaojulikana kwa visu na mapanga kwa karne nyingi.

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji na Kigoma zilikuwa chini ya Wajerumani wakati huo, na upande huu ulikuwa wa Wabelgiji. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na bidhaa za pwani zikapata njia fupi ya kufika ziwani. Vita vilipoanza, Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916. Wajerumani waliondoka, lakini kisu chao kiliendelea kupendwa Afrika. Kilikuwa rahisi, na kazi yake iliaminika: ulimi wa chuma chenye kaboni, mpini wa mbao uliopambwa kwa nyota na mwezi, na pete ndogo mgongoni ya kufungulia kabali. Mwaka 1988 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini, na huko ndiko uliko mpaka leo.

Ufaransa nayo ina chake. Joseph Opinel wa Savoie alianza kutengeneza kisu cha wakulima mwaka 1890, ulimi mmoja na mpini wa mbao. Mwaka 1955 kiliongezewa pete inayozunguka shingoni ili ulimi usijikunje ghafla. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kisu kisicho na kabali kikisukumwa kwa nguvu kinaweza kurudi na kukata vidole, na mtu mwenye kidole kilichokatwa hawezi kulima wala kuchimba.

Basi mnunuzi aangalie nini? Kwanza, akifungue na kukishika ulimi, autikise kulia na kushoto. Ukicheza kwenye msumari wake kikiwa bado kipya, hakitadumu. Pili, ajaribu kabali: ulimi ukiwa wazi, augandamize mgongo wake polepole juu ya mbao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Ukijikunja, akirudishe. Tatu, aulize aina ya chuma. Chuma cha kaboni kinanoleka upesi hata kwenye jiwe la mtoni, lakini kinashika kutu. Kikaushwe kila kinapotumika na kipakwe mafuta kidogo ya mawese. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kwa wavuvi na kwa msimu wa mvua, lakini kwa kawaida kinachelewa kunoleka. Nne, asinunue jina tu. Tangu 1938 sheria ya Ujerumani hairuhusu kuandika Solingen kwenye kisu ambacho hakikutoka huko, lakini sheria hiyo haimfuati kila mchongaji wa mihuri duniani. Okapi mpya yenye maandishi ya Ujerumani inastahili swali, kwa kuwa kiwanda kilihama zaidi ya miaka 30 iliyopita.

Kuna jambo la tano, na katika Fizi ndilo linaloweza kugharimu zaidi. Kisu hicho cha kazi kiliharibiwa jina na wahuni, kuanzia Afrika Kusini hadi Jamaika. Kwenye barabara zenye barieri nyingi, kijana mkimbizi anayekutwa na kisu mfukoni anaweza kudhaniwa ni mpiganaji kabla hajafungua mdomo. Ulimi mfupi unatosha kwa kazi za nyumbani. Njiani, kisu kikiwa kimekunjwa ndani ya sufuria pamoja na vijiko, kinaonekana kama kilivyo: chombo cha jikoni. Mtu akiulizwa, ni heri aseme kipo kuliko kipatikane kwa kupekuliwa.

Kilichopotea tangu siku za tanuru za Ufipa ni ule mlango wa kubisha. Muuzaji wa leo huenda kesho yuko soko lingine. Lakini wahunzi hawajaisha. Wanaofua majembe na visu kutoka springi za magari mabovu wanaweza pia kubadilisha msumari uliolegea na kunoa upya ulimi uliochoka. Kisu kizuri cha kukunja ni kile ambacho mhunzi wa karibu anaweza kukifungua, kukitengeneza na kukirudisha kwa mwenyewe.