Ruzuku ya kaya maskini wilayani Lushoto

Ruzuku ya kaya maskini ni fedha taslimu zinazotolewa na serikali ya Tanzania kwa familia zenye kipato duni kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Wilayani Lushoto, mkoa wa Tanga, kama katika wilaya nyingine za nchi, hutolewa chini ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanzishwa mwaka 2012.

Wako wanaodhani fedha hizo hugawiwa na Benki Kuu. Sivyo: hutoka katika bajeti ya serikali, mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya wahisani. Mfano wa helikopta inayodondosha noti mpya kwa wananchi ulitolewa na mwanauchumi Milton Friedman mwaka 1969, lakini Tanzania haijaufuata.

Katika kipindi cha kwanza kila kaya ilipewa shilingi 10,000 kwa mwezi, pamoja na nyongeza kwa watoto wanaohudhuria kliniki au shule, hadi shilingi 38,000. Malipo yalifanyika kila miezi miwili, kwa kawaida mikononi mwa mama. Majina hupendekezwa kwanza na wanakijiji wenyewe mkutanoni. Kazi hiyo si rahisi Usambara, ambako karibu kila mtu ana kishamba kidogo mteremkoni na maskini hatofautiani sana na jirani yake.

Matumizi

Fedha kidogo kidogo huishia kwanza kwenye chakula. Hata hivyo, tathmini ya jaribio lililoanza mwaka 2010 huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha ilionyesha kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya afya, ziliwanunulia watoto viatu na kuongeza mifugo. Viatu si anasa. Anayejua baridi ya Lushoto mwezi Julai ataelewa. Mbuzi naye ni akiba: hufugwa bandani, samadi yake huenda kwenye viazi na kabichi, na huuzwa ugonjwa unapoingia nyumbani.

Hofu kwamba fedha zitanywewa pombe haina msingi mkubwa. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi nyingi mwaka 2014, wakaona kwamba kwa jumla matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka.

Ukubwa wa malipo nao hubadili matumizi. Kaunti ya Siaya, Kenya, ambako shirika la GiveDirectly lilitoa takriban dola 1,000 kwa kaya, nyumba nyingi za nyasi ziliezekwa bati, na hata majirani wasiolipwa walinufaika kwa biashara. Kwa ruzuku ya TASAF bati halinunuliki kwa mkupuo; ndiyo maana walengwa huunda vikundi vya kuweka na kukopa, ili visenti vya wengi viwe fungu la mmoja kwa zamu.