Kisahani kina jina la Petri, lakini mpishi alikuwa Fanny

Juzi nilipeleka kachupa ka mkojo maabara, dada wa pale akaniambia nirudi baada ya siku tatu. Siku tatu, wasee! Pesa ya simu inafika kwa sekunde lakini mkojo wangu unataka siku tatu. Nikamuuliza, "Kwani unapelekwa ng'ambo?" Akacheka. "Hapana. Tunaotesha bakteria. Hao hawaharakishwi."

Nikaenda home nikaanza kusoma, na usiku ukaisha hivyo. Nilichopata ni stori ya jikoni, na mpishi wake karibu asahaulike kabisa.

Turudi nyuma hadi miaka ya 1870. Watu walikuwa wameanza kuamini kwamba vijidudu ndio huleta magonjwa, lakini kuthibitisha ilikuwa balaa. Bakteria walioteshwa kwenye supu ya nyama. Shida ya supu ni kwamba wote wanaogelea pamoja, kama matatu ya saa kumi na mbili jioni: simu imeibiwa, lakini utajuaje ni nani kati ya wale wote waliobanana?

Daktari mmoja Mjerumani, Robert Koch, akaona kitu kwenye kipande cha kiazi kilichochemshwa. Juu yake palikuwa na vidoa, kila kidoa na rangi yake. Alipochukua kidoa kimoja na kukitazama kwa hadubini, akakuta bakteria wa aina moja tu. Kwenye kitu kigumu bakteria hawezi kuogelea aende kwa jirani. Anabaki pale pale, anajigawa, anazaa ukoo mzima. Kidoa kimoja, ukoo mmoja. Hapo ndipo unaweza kumkamata mshukiwa akiwa peke yake.

Lakini bakteria wengi wa magonjwa ya binadamu hawapendi kiazi. Koch akachanganya supu na jelatini ili igande, akaimwaga juu ya kioo. Mwaka 1881 alionyesha mbinu yake London, na Louis Pasteur mwenyewe alikuwepo. Safi, sivyo? Sasa sikia shida. Bakteria wa mwilini wanapenda joto la mwili, nyuzi 37 hivi. Jelatini inayeyuka kabla hujafika hapo. Tena kuna bakteria wanaoila hiyo jelatini yenyewe mpaka iwe maji. Ni kama kujenga nyumba ya barafu Lodwar.

Mwaka huo huo, daktari anayeitwa Walther Hesse alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya Koch, Berlin, akichunguza vijidudu vya hewani. Joto likapanda, jelatini yake ikawa uji. Mkewe, Fanny Angelina Hesse, aliyezaliwa New York mwaka 1850, ndiye alikuwa akimsaidia na kazi, hata michoro ya machapisho yake alimchorea. Inasimuliwa kwamba Walther alimuuliza: mbona jeli zako za mezani haziyeyuki na joto hili lote?

Fanny akamwambia siri yake ni agari. Ni kitu kinachotolewa kwenye mwani wa baharini, na wapishi wa Asia walikuwa wamekijua kitambo sana. Yeye alikifahamu kupitia jirani Mholanzi aliyewahi kuishi Java.

Na agari ni kama iliumbwa kwa kazi hii. Haiyeyuki hadi uikaribishe kwenye joto la maji yanayochemka, na ikishayeyuka haigandi tena mpaka ishuke karibu nyuzi 40. Kwa hivyo kwenye nyuzi 37 imetulia tuli. Ni angavu, na ni bakteria wachache sana wanaoweza kuila. Walther akamwandikia Koch, na Koch akaitumia.

Kwenye andiko la Koch la 1882 kuhusu TB, lile lililomfanya awe maarufu dunia nzima, agari imetajwa kwa kupita tu. Jina la Fanny halimo. La Walther pia halimo. Miaka mitano baadaye, 1887, Julius Petri, msaidizi wa Koch, akachapisha wazo la kisahani chenye kifuniko ili vumbi la hewani lisiingie. Yeye mwenyewe alikiita badiliko dogo tu. Leo kila mtoto wa sekondari anajua kisahani cha Petri. Hans Christian Gram naye, daktari kutoka Denmark, mwaka 1884 alitoa mbinu ya kupaka bakteria rangi ya zambarau, kisha ayodini, kisha kuwaosha kwa alkoholi. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau. Wengine huachia rangi, na wakipakwa nyingine huonekana wa waridi. Jina lake pia liko kila maabara. Fanny alikufa 1934 bila kuona senti ya agari.

Mtu ataniambia, "Lakini yeye alitoa tu wazo la jikoni." Sawa, na Petri alitoa tu kifuniko. Ukipika ukajua kitu, hayo ni maarifa. Haihitaji koti jeupe ili iwe sayansi. Kuna akina mama hapa kwetu wanajua maziwa yanalala vipi kwenye kibuyu hadi yawe mursik, na hakuna anayewaita wataalamu wa bakteria.

Na hii hesabu ya nani anakumbukwa imetufikia hata sisi. Mwaka 1906 Koch, akiwa tayari na Tuzo ya Nobel, alikuja visiwa vya Ssese kwenye Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kutafuta dawa ya ugonjwa wa malale. Aliwapa wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki, na akaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Jina la Koch liko kwenye vitabu. Ya wale waliopofuka, nimetafuta usiku kucha na sijaona hata moja.

Sisemi tumfute Koch. Mbinu yake ndiyo ilikuwa inafanya kazi kwenye kachupa kangu. Siku ya kwanza waya unachomwa motoni, unachovywa kwenye mkojo, unachorwa juu ya agari, sahani inalazwa kwenye joto la nyuzi 37. Siku ya pili vidoa vinaonekana na vinapakwa rangi ya Gram. Kisha wanaoteshwa tena pamoja na vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa tofauti. Dawa inayofanya kazi inaacha duara tupu.

Siku ya tatu nikarudi. Dada akanipa karatasi na kunionyesha mstari mmoja. Dawa ambayo beste yangu alikuwa ameniambia nijinunulie tu dukani, ile iliyomsaidia yeye, kwa bakteria wangu haikuacha duara lolote.

"Ungeimeza bure," akasema.

Nikamuuliza kama anamjua Fanny Hesse. Akasema hapana. Nikamsimulia pale pale dirishani, foleni ikinisubiri.