Msalaba na Uzi wa Shaba

Kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi haujajengwa bado, wahunzi wa nchi ya Katanga, walioitwa wala-shaba, walikuwa wakingojea kiangazi, mavuno yakiisha, ndipo wachimbe malakiti, lile jiwe la kijani, waliyeyushe katika tanuri la udongo wa kichuguu kwa makaa na mivukuto, na kuisubu shaba kwa umbo la msalaba, ambao ulikuwa fedha ya biashara hata katika nchi za mbali.

Wayeke, ambao asili yao ni Unyamwezi, na ambao mfalme Msiri aliwatawala kutoka mji wake wa Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, sifa yao ilikuwa uzi: ncha ya ufito wa shaba ilichongwa, ikapenyezwa katika tundu la chamburo, ikabanwa kwa koleo na kuvutwa, kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi, hata ukapatikana uzi wa kusokotea udodi.

Na ajabu, uzi wa shaba ulikuja kutumika hata katika kompyuta: kumbukumbu nyingi za kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa pete ndogo za ferite, zilizotungwa kwa mkono, mithili ya shanga, juu ya nyuzi nyembamba za shaba.

Nao msalaba haukusahauliwa: misalaba mitatu ya shaba ilichorwa katika bendera ya Katanga, mwaka 1960.