Selulosi

Selulosi ni polima asilia inayojenga kuta za seli za mimea. Fomula yake ni (C₆H₁₀O₅)ₙ. Molekuli za glukosi, mara nyingi maelfu, huungana kuwa mnyororo mrefu usio na matawi, na kila muungano hutoa molekuli moja ya maji. Mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga na kuieleza mwaka 1838.

Wanga nao umejengwa kwa glukosi. Tofauti yao ni ndogo ajabu: mwelekeo wa vifungo tu. Vifungo vya wanga ni vya alfa, hivyo mnyororo hujipinda kama springi. Vya selulosi ni vya beta. Mnyororo hunyooka, na minyororo jirani hushikana kwa vifungo vya hidrojeni hadi kuwa nyuzi imara zisizoyeyuka majini. Ndiyo maana mtu hushiba ugali wa mahindi, lakini gunzi halimfai kitu: mwili wake hauna kimeng'enya cha kukata vifungo vya beta. Ng'ombe naye hana; kazi hiyo hufanywa na vijidudu vilivyomo tumboni mwake.

Pamba ni selulosi kwa takriban asilimia 90, mbao karibu nusu. Mkonge, ulioletwa na mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf katika eneo la Tanga mwaka 1893, hulimwa kwa ajili ya selulosi ya majani yake.

Ikitiwa asidi ya nitriki pamoja na ya sulfuriki, selulosi huwa nitroselulosi, iliyotumika katika baruti na, kwa ujasiri wa kushangaza, filamu za sinema za zamani.