Biotini yaweza kupotosha vipimo vya homoni ya kiume

Wanaume wanaotibiwa kwa homoni ya testosteroni hupimwa damu mara kwa mara, ili daktari aamue kiasi cha dawa. Hata hivyo, baadhi ya virutubisho vya ziada huweza kupotosha majibu. Mfano ulio wazi ni biotini, vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha.

Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 30 za biotini kwa siku, ilhali kidonge kimoja huweza kuwa na mikrogramu 10,000. Kwa kuwa baadhi ya mitambo ya maabara hutumia biotini kunasa homoni, ziada hiyo huweza kuonyesha testosteroni nyingi kuliko iliyopo. Mgonjwa aliyestahili kuongezewa dawa huenda akapunguziwa. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu biotini na vipimo vya maabara mwaka 2017.

DHEA, inayouzwa Marekani bila cheti cha daktari, ni tofauti: mwili huigeuza kuwa testosteroni na estrojeni, hivyo huweza kubadilisha homoni zenyewe.

Kwa sababu hiyo, ni muhimu daktari aelezwe kila kirutubisho kinachotumiwa kabla damu haijachukuliwa.