Mugasha kwa Kiswahili: Maporomoko, Imani na Utalii katika Nchi ya Wahaya



Anayesafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba hupita katika nchi ya migongo ya vilima, mabonde ya majimaji, na magenge yanayolielekea Ziwa Viktoria. Mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Si ajabu, basi, kwamba vijito huporomoka kwa kishindo penye magenge, na kwamba wageni huvutwa kwenda kuyatazama maji hayo. Mbele ya maporomoko huzuka maswali mawili: maji haya yatoka wapi, na ni nani mwenyewe? La kwanza hujibiwa na jiografia. La pili hujibiwa na simulizi, na mara nyingi jibu hilo hutolewa kwa Kiswahili, lugha inayomkutanisha mgeni na mwenyeji. Hoja yangu ni kwamba neno moja la Kiswahili linalochaguliwa hapo laweza kuihifadhi historia ya Wahaya, au kuifuta.

Katika simulizi za Wahaya, mwenye maji ni Mugasha, mtawala wa ziwa, tufani na samaki. Wavuvi walimtolea sadaka ili wasalimike majini. Hakuwa peke yake. Alikuwa katika kundi la mfalme Wamara, pamoja na Irungu wa nyika na Kazoba wa jua. Inasimuliwa kuwa Wamara na wenzake walishuka chini ya ardhi kwa Kintu, wakapewa ng'ombe na mbegu, kisha wakasahau kurudisha shukrani. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, awafuate. Tangu hapo watawala hao wakawa nguvu zilizosema na watu kupitia waaguzi walioitwa embandwa. Nao Waganda, ng'ambo ya ziwa, humjua Mukasa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, visiwani Ssese. Majina hayo mawili ni ndugu, na kazi zao ni ndugu pia. Kwa hiyo anayemtaja Mugasha penye maporomoko hataji jini la kijito kimoja, bali anagusa historia ya ziwa zima.

Tumweleze vipi, basi, kwa Kiswahili? Maneno manne hujitokeza. Tukisema "mungu", tunamfanya mshindani wa Muumba, ilhali Wahaya wanalo jina Ruhanga kwa ajili ya Muumba. Tukisema "pepo", tunapata mwangwi mzuri wa neno "upepo", unaomfaa bwana wa tufani. Lakini pepo wa Kiswahili hupungwa ili atoke, hali Mugasha aliombwa abaki na kulinda. "Shetani" ni neno la hukumu, si la maelezo. "Mzimu" ndilo lililo karibu zaidi, kwa sababu Kihaya nacho kina emizimu, na kwa sababu shina hilo hilo limo katika "kuzimu", huko alikoshuka Wamara. Aidha, katika Kiswahili cha pwani mzimu ni pia mahali panapopelekwa sadaka. Neno moja linabeba mwenye mahali na mahali penyewe.

Kwa nini, basi, neno la hukumu limeenea hivyo? Jibu ni la kihistoria. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mapadri Weupe wakaingia Kashozi mwaka 1892. Wamisionari wa Kilutheri wa Betheli wakafuata mwaka 1910. Kiswahili cha utawala na mafundisho ya dini mpya vilikua pamoja katika kizazi kile kile, na yaliyokuwa ya Mugasha yakawekwa upande wa giza. Sisemi hivyo kuwalaumu waumini. Nchi hii ndiyo iliyomtoa Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika zama zetu, mwaka 1960. Nasema tu kwamba muumini anaweza kuikataa ibada bila kuitupa kumbukumbu.

Hasara ya kuitupa tunaijua kwa mfano wa Katuruka, Bukoba Vijijini. Wazee walisimulia kuwa mfalme Rugomora Mahe alifuliwa pale mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na mti mtakatifu wa mahali hapo uliitwa Kaiija, jina linalohusu kufua chuma. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba kuanzia mwaka 1970, akakuta mabaki ya ufuaji chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Kama wazee wangeambiwa kuwa hizo ni habari za mashetani, ni nani angechimba pale?

Tena utalii haulazimiki kuiua imani. Huko Uganda, penye maporomoko ya Sezibwa, husimuliwa habari za mwanamke aliyejifungua mito pacha, Sezibwa na Bwanda. Mgeni mwenye kamera na mtu aliyekuja kutambika hukutana kando ya maji yale yale, na simulizi ndiyo inayowafahamisha wote wawili wapo wapi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, jina Mugasha libaki, lifafanuliwe kwa kazi yake. Palipo na haja ya neno la jumla, litumike "mzimu". Pili, simulizi zirekodiwe kwa Kihaya kabla ya kufasiriwa, kama Mulokozi alivyotuonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1986 kuhusu tendi za nanga za Wahaya. Tatu, mfasiri wa kwanza awe mwenye simulizi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa baadaye. Hakuhitaji mtu mwingine amwambie mizimu yake iitweje.

Maporomoko hayatasubiri uamuzi wetu, yataendelea kuanguka. Linaloweza kukauka ni maelezo ya yule kijana anayesimama kando yake na kuulizwa ni nani mwenye maji haya. Kazi yetu, sisi tunaofundisha Kiswahili, ni kuhakikisha kwamba ana neno la haki la kujibu.